Viola, ua la Usambara au sultani: lipi la kupanda uani penye kivuli hapa visiwani

Mwaka jana wifi yangu wa Mji Mkongwe aliletewa pakiti tatu za mbegu za viola kutoka Uingereza. Picha peke yake ilitosha kumtia mtu hamu: maua madogo yenye sura kama ya mtu, zambarau juu na manjano chini, na mistari myeusi katikati kama sharubu za paka. Nyuma ya pakiti iliandikwa kwamba katika sehemu zenye joto viola zipandwe kivulini. Akanipigia simu huku Wete, Pemba.

"Wifi, uani kwangu jua haliingii ila kidogo asubuhi. Haya si ndiyo maua yangu?"

"Usifungue pakiti kwanza," nikamwambia. "Mimi nimeshazipanda hizo. Ngoja nikueleze nilichokiona, kisha uamue mwenyewe."

Hapa chini ni yale niliyomweleza, nimeyapanga upya kwa ajili ya yeyote mwenye ua wa kivuli, awe Unguja au Pemba. Nitayalinganisha maua manne: viola yenyewe, ua la Usambara, ambalo wengi hulidhania viola, ua la sultani, na torenia. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu hayalingani kwa manufaa.

Kivuli si baridi

Viola ni mmea wa nchi za baridi. Raha yake ni mchana wa nyuzi 15 hadi 20 za sentigredi na usiku ulioshuka chini ya hapo. Joto likivuka 25 na likakaa hivyo siku nyingi, mashina hurefuka na kulala, maua yanazidi kuwa madogo, kisha yanakoma. Hata mbegu zake hazistahamili joto. Zinataka udongo wa nyuzi 15 hadi 20, tena gizani, na udongo ukiwa na joto zaidi ya hapo nyingi haziamki.

Sasa tazama kwetu. Kipupwe, Julai na Agosti, ndiyo baridi yetu, na alfajiri mtu hutafuta shuka. Hata hivyo usiku hushuka hadi nyuzi 21 au 22 tu, na mchana hufika 28 au 29. Januari hadi Machi mchana hugonga 32 na zaidi, na usiku haushuki sana chini ya 25. Maana yake ni kwamba usiku wetu wa baridi kuliko zote bado una joto kuliko mchana ambao viola inautamani.

Hapo ndipo maneno ya nyuma ya pakiti yanapompoteza mtu wa visiwani. Aliyeyaandika alifikiria mahali ambapo jua la mchana ni kali lakini usiku unapoa. Kivuli huzuia jua. Hakizuii joto la usiku wala hewa nzito yenye unyevu. Na mmea, kama nyumba yoyote, una kipato na una matumizi. Mchana hutengeneza chakula kwa mwanga. Usiku hukitumia kwa kupumua, na usiku wa joto hupumua kwa kasi zaidi. Ukiiweka viola kivulini umepunguza kipato chake, na joto la usiku limeshaongeza matumizi. Haipiti muda inakula akiba yake yote.

Kama unataka kujua ua wako ukoje, baada ya sala ya isha nenda ukaweke kiganja ukutani. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, hubeba joto la mchana na kulitoa polepole usiku kucha. Kwa wifi yangu, saa tatu usiku mwezi wa Machi, ukuta ulikuwa bado vuguvugu, na kipimajoto nilichokitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo kilisoma 28. Wiki iliyofuata nilipima kwa hichohicho kwangu Wete, chini ya mshelisheli, saa ileile: 25. Nyuzi tatu hizo zinaamua mengi kuliko rangi ya ua uliyoipenda.

Viola za kwetu Afrika Mashariki zipo, na mahali zilipo panasema kila kitu. Viola abyssinica huota katika milima ya bara, na Viola eminii iko juu Kilimanjaro, penye ukungu na baridi. Masingini, ambayo ni katika sehemu za juu kabisa za Unguja, haifiki hata mita 150.

Nilivyozipanda mwenyewe

Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepoza ardhi, nilisia mbegu arobaini kwenye trei, nikaifunika kwa gunia bichi na kuiweka ubavuni mwa mtungi wa maji, kwa kuwa hapo ndipo penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. Zilichipua kumi na moja. Konokono wale wakubwa wa masika wakala tatu kwa usiku mmoja. Nane zilizobaki nikazihamishia vyunguni.

Ua la kwanza lilifunguka wiki ya tatu ya Julai. Nilikaa kitako kulitazama. Lilikuwa dogo kuliko sarafu ya shilingi mia. Petali mbili za juu zilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva mpaka inataka kupasuka, mbili za ubavuni zimefifia kidogo, na ile ya chini ya manjano, juu yake nywele saba nyeusi zote zikielekea kooni mwa ua. Mistari hiyo humwonyesha nyuki njia ya kufikia asali. Nililigeuza kwa kidole nikakuta kwa nyuma kijipembe kidogo kinachoshika asali hiyo.

Nilichuma maua mpaka wiki ya mwisho ya Agosti. Septemba mashina yalirefuka yakalala. Mvua za vuli zilipoanza hakukuwa na jani hata moja. Ni wiki sita hivi za maua kwa miezi mitano ya kulea. Sikujuta, kwa sababu nilitaka kuyaona kwa macho yangu, na zile wiki sita watoto wa mtaani walikuwa wakija kila jioni kuhesabu "nyuso" mpya. Lakini siwezi kumwambia mtu kwamba hilo ndilo ua la uani kwake.

Ukiwa bado unazitaka, basi zifanye zao la kipupwe na si bustani ya mwaka mzima. Chagua zenye maua madogo, jamii ya Viola cornuta, kwani zile zenye maua makubwa kama kiganja cha mtoto huanguka mapema zaidi kwenye joto. Sia kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Tumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kinapoa kwa njia ileile mtungi unavyopoza maji. Kiweke mahali panapopata jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne, kisha kivuli mpaka jioni. Kivuli cha siku nzima hakifai, utapata majani matupu. Ua lililonyauka likate kabla halijafunga mbegu. Maua yenyewe yanalika, watu huyapamba juu ya keki na saladi, ila yawe ya mbegu ulizosia mwenyewe bila kupiga dawa.

Kuhusu ile viola ya harufu, Viola odorata, ambayo waliosoma Kiarabu wataijua kwa jina la banafsaji: usihangaike nayo. Inataka baridi kuliko hizi nyingine. Harufu yake nzuri ina ajabu moja. Ukiinusa mara ya kwanza inajaa puani, ukirudia papo hapo huisikii, kwa sababu kemikali yake inaizubaisha pua kwa muda. Anayetaka harufu uani, asumini ipo.

Ua la Usambara: jirani wa ng'ambo

Hili ndilo linalochanganywa sana na viola. Waingereza wanaliita viola ya Afrika, na Wajerumani mpaka leo wanaliita viola ya Usambara, lakini haya maua mawili si wa ukoo mmoja. Kwao ni misitu ya Tanga, Usambara, Uluguru na sehemu za pwani ya Kenya. Yaani ukisimama Wete ukatazama magharibi, nyumbani kwake ni ng'ambo ya mkondo. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hanover, akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la pili maana yake ni lenye maua kama ya viola, na mkanganyo wote ulianzia hapo. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, ila wauza maua wengi bado wanatumia jina la zamani.

Porini huota kwenye mwamba ndani ya msitu, mizizi yake mifupi imeshika kwenye ufa wenye majani yaliyooza, na mwanga linaupata uliochujwa na miti. Aina nyingine huota chini kabisa, kwenye mawe ya chokaa si mbali na bahari. Kwa hiyo kivuli na pwani si vitu vigeni kwake. Tatizo ni kwamba haya yanayouzwa madukani ni machotara yaliyozalishwa kwa ajili ya vyumba vya Ulaya na Marekani. Yanapenda nyuzi 18 hadi 27, na yakipitisha wiki nyingi juu ya 30 hukaa bila maua yakisubiri hali ibadilike. Tofauti na viola, hayafi kwa hilo. Langu hukaa kimya Februari na Machi, likaanza tena kutoa maua Juni.

Kinacholiua ni maji. Masika ya mwaka juzi niliyaweka mawili ukingoni mwa baraza ili yapate hewa. Manyunyu ya mvua yakayafikia, yakatuama kwenye kitovu cha majani, na baada ya siku mbili kitovu kilikuwa ute mtupu. Ukishika jani linatoka lenyewe mkononi. Tangu hapo sinyweshi kwa juu. Namimina maji kwenye kisahani chini ya chungu, naacha nusu saa mmea unywe, yanayobaki namwaga. Maji yawe yametulia ndani ya nyumba, yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji, kwani jani lenye manyoya kama yale likipata tone la baridi hubaki na doa la kudumu. Halafu nangoja udongo wa juu ukauke ndipo ninyweshe tena.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukiwa na mmoja unao ishirini. Chukua jani la katikati, si la zamani wala jipya, likate na kikonyo cha kama sentimita tatu, ukate kimshazari, kisha likite kwenye vumbi la makumbi lililolowa kidogo. Lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Wiki tatu au nne mizizi hutoka, na baada ya mwezi mmoja au miwili zaidi utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikijitokeza chini ya jani mama. Nimewagawia majirani kwa njia hiyo mpaka nimepoteza hesabu.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote: usimwagize mtu akung'olee msituni Tanga. Aina nyingi za porini zimebaki sehemu ndogo ndogo, na msitu unakatwa. Jani moja kutoka kwa jirani linatosha.

Ukilipima na viola, hili linaishi miaka na viola inaishi msimu. Lakini ni ua la barazani na dirishani, la kutazamwa karibu. Ukilipanda ardhini uani, mvua ya kwanza ya masika italizika.

Sultani

Sasa nimefika kwenye ua ambalo ningempa mtu wa visiwani akiniuliza mara moja tu. Vitabu vinaliita Impatiens walleriana. Mimi naliita sultani, na jina hilo sikulibuni. John Kirk, aliyekuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar na mtu wa mimea kweli kweli, alipeleka ua hili kwenye bustani za mimea za Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akalitangaza kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Aliyekuwa akitawala wakati huo ni Sayyid Barghash. Baadaye ilionekana kwamba ni mmea uleule ambao Hooker alikwishaupa jina mwaka 1868, na kwa kanuni jina la kwanza ndilo linaloshika, sultani likafutwa vitabuni. Hata hivyo Marekani wapo wazee wanaoliita sultana mpaka leo. Naona tuna haki ya kulirudisha nyumbani.

Ni mmea wa Afrika Mashariki, wa kandokando ya vijito na chini ya miti. Haliogopi usiku wa joto kama viola inavyouogopa. Halitaki jua la mchana. Jua la saa saba litaliangusha chini kama kitambaa kilicholowa, ingawa ukilinywesha jioni linasimama tena. Maua yake ni bapa, petali tano, na kwa nyuma lina mkia mwembamba mrefu uliopinda. Rangi ni nyeupe, waridi, nyekundu, zambarau, machungwa. Chini ya mshelisheli wangu linatoa maua miezi yote kumi na miwili, pungufu kidogo Februari.

Watoto wanalipenda kwa sababu ya mbegu. Kitumba kikikomaa kinanenepa na kuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Ukikigusa kwa ncha ya kidole kinapasuka na kujikunja ghafla kama kiwavi aliyeshtuliwa, mbegu zinaruka mpaka ukutani. Jina la Impatiens linatokana na hapo, yaani lisilo na subira. Mbegu hizo zinajiotea zenyewe kwenye nyufa za sakafu, na mimi huziacha zinapotaka.

Kulizidisha hakuhitaji ufundi. Kata shina la urefu wa kiganja chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji. Baada ya siku kumi au wiki mbili kuna mizizi myeupe. Kila likirefuka kupita kiasi, na kwenye joto letu litarefuka, likate nusu bila huruma. Litachipua kwa mabavu, na ulichokata ni miche mipya.

Lina mambo matatu ya kulaumiwa. La kwanza ni kiu. Mashina yake ni maji matupu, na chungu kidogo wakati wa kaskazi hunyweshwa asubuhi na jioni. Sayyid Barghash ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba kutoka chemchemi, na mmea wenye jina la sultani huyo haukai bila maji. Mtaa wako ukiwa na mgao wa maji, panda kwenye ndoo kubwa za rangi zilizotobolewa chini, si vikopo vya maziwa, na funika udongo kwa makumbi yaliyochambuliwa.

La pili ni chumvi. Visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana ladha ya chumvi, na sultani huonyesha upesi: ncha za majani zinaungua na kuwa kahawia. Tega maji ya mvua chini ya bati wakati wa masika na vuli, na mara moja kwa wiki unyweshe kwa hayo mpaka yatoke chini ya chungu, yaisukume chumvi nje. Usitumie kamwe mchanga wa pwani katika udongo wako.

La tatu ndilo baya zaidi, nalo ni ukungu. Upo ugonjwa wa ukungu ambao umeyamaliza maua haya katika bustani nyingi za Ulaya na Marekani. Dalili yake ni jani kugeuka rangi na kuinama, na ukiligeuza unakuta upande wa chini pamepakwa weupe kama unga. Baadaye majani yote yanaanguka yanabaki mashina kama vijiti. Ukiona hivyo ng'oa mmea mzima, uchome, usiutie kwenye mboji. Kujikinga ni kutosonganisha mimea, kunywesha asubuhi tena kwenye udongo tu, na kuacha upepo upite. Siku hizi zipo mbegu zinazouhimili, kama ile inayoitwa Imara XDR. Na yupo ndugu yake mwenye majani marefu na maua makubwa zaidi, asili yake Guinea Mpya, ambaye ugonjwa huo haumsumbui na anastahamili jua la asubuhi. Anauzwa ghali kuliko sultani wetu, na kwa macho yangu hana ule wepesi, lakini mwenye ua wenye unyevu mwingi atamshukuru.

Torenia, kwa anayetaka "uso"

Kama ulichokipenda kwenye viola ni ile sura, torenia itakukaribia. Ni mmea mdogo wa Asia ya Kusini-Mashariki, wa urefu wa shubiri moja na nusu, una ua kama tarumbeta lenye midomo ya zambarau na doa la manjano kooni. Ukichungulia ndani utaona vijiti viwili vimeungana kama kidari cha kuku. Anapenda joto, anapenda kivuli cha nusu siku na udongo usiokauka, na maua hutoka wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili baada ya kusia. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa usizifunike, zinahitaji mwanga ili ziote. Haishi zaidi ya msimu mmoja, ila inajisia yenyewe. Kasoro yake ni kwamba kwenye kivuli kizito inakaa majani tu.

Kivuli chako ni kipi?

Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa sababu vivuli havifanani.

Kivuli cha mti, kile chenye madoa ya jua yanayotembea, ndicho bora kuliko vyote. Chini ya mwembe, mshelisheli au mfenesi, sultani ndilo la kwanza na torenia pembeni kidogo mwanga unapozidi. Mizizi ya miti hii inakunywa maji yote, kwa hiyo panda kwenye vyungu au matuta ya udongo wa kuletwa. Udongo mwekundu wa kinongo uliochanganywa na majani ya mwembe yaliyooza na samadi ya ng'ombe ya zamani unafaa sana. Wenye kichanga waongeze mboji mara mbili, na wa uwandani, ambako jiwe liko juu, wasahau kuchimba wapande vyunguni. Majivu usitie, yote manne yanapenda udongo wenye uchachu kidogo, na mawe yetu ya chokaa yameshauvuta upande wa pili.

Kivuli cha ukuta ndicho cha Mji Mkongwe, na ndicho kigumu. Jua linaingia saa mbili kwa siku au haliingii, upepo haupiti, ukuta una joto usiku. Viola hapo ni kupoteza mbegu. Sultani litaishi ukilisogeza mbali na ukuta angalau hatua moja na kulinyanyua juu ya matofali hewa ipite chini.

Kivuli cha baraza au dirishani, penye mwanga bila jua na bila manyunyu, ni pa ua la Usambara, hasa baraza linalopata upepo wa kusi.

Na viola? Penye jua la asubuhi, usiku unaopoa, kuanzia Juni hadi Agosti. Pemba, mashambani kwenye miti, utapata wiki mbili tatu zaidi kuliko mjini Unguja. Hiyo ndiyo nafasi yake ya haki.

Idd iliyofuata wifi alikuja Wete. Nilimkatia mashina sita ya sultani, matatu meupe na matatu ya waridi, nikayatia kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo na kuyafunga kwa kipande cha kanga kilicholowa. Akayapakata kwenye boti mpaka Unguja. Sasa yamepangwa kwenye ngazi za uani kwake, kwenye ndoo za rangi, hatua moja kutoka ukutani, na ameniomba jani la Usambara kwa ajili ya dirisha la ghorofani. Pakiti mbili za viola alimpelekea shangazi yake Lushoto, ambako usiku unapoa kweli. Ya tatu ameifunga kwenye mfuko mkavu, iko kwenye mlango wa friji, inangoja mwisho wa Aprili.